Guangzhou: Ingia mjini mwenyewe, usiingizwe mjini



Leo naongea na wewe ambaye viza umepata, tiketi umekata, mtaji umeukusanya kwa jasho, na kilichobaki ni kupanda ndege kwenda China kwa mara ya kwanza. Swali ninaloletewa inboksi kila wiki ni lilelile: "Naomba namba ya mtu wa kunipokea uwanja wa ndege Guangzhou."

Jibu langu huwa linawaudhi wengi. Namba sitoi. Si kwamba sina watu kule, ninao. Sitoi kwa sababu naamini mfanyabiashara mdogo anayekwenda na dola zake elfu tatu au elfu tano anatakiwa atoke uwanjani kwa miguu yake, afike hotelini kwake kwa akili yake, alale, kisha kesho yake ndiyo atafute mtu wa kumsaidia. Hapo atamtafuta akiwa bosi. Akipokelewa uwanjani anaanza safari akiwa mzigo wa mtu.

Mnajua Kiswahili chetu cha mtaani kina maneno mazuri sana. Mtu akitapeliwa tunasema "kaingizwa mjini". Basi Guangzhou hiyo kauli inaweza kuwa kweli mara mbili kwa siku moja: unaingizwa mjini kwa gari, na unaingizwa mjini kwa mfuko.

KUPOKELEWA BURE KUNA BEI

Tuelewane vizuri. Sisemi kila anayepokea watu ni tapeli. Wapo vijana wetu kule wanafanya kazi safi, wanajua Kichina, wanajua masoko, na wamesaidia watu wengi kukuza biashara. Ninachosema ni hiki: mtu anayeamka asubuhi, anasafiri kilomita karibu 30 kutoka katikati ya jiji mpaka uwanjani, anakusubiri saa mbili utoke, anakubebea begi na kukulipia gari, halafu anakwambia "usijali dada, wewe ni ndugu yangu", lazima ale. Na kama hakuambii anakula wapi, ujue anakula kwako.

Anakula wapi? Njia zipo nne na mzunguko wake unajulikana. Hoteli anayokupeleka, ana chake. Anayekubadilishia dola, ana chake. Maduka anayokuzungusha, ana chake. Ghala la mizigo atakalokwambia upeleke mzigo, ana chake. Kila kimoja kidogo kidogo, hata huoni.

Hebu tupige hesabu. Tuchukulie umekwenda kununua magauni 1,000. Bei halisi ya duka ni yuan 33, lakini muuza duka ameshakonyezwa kwamba kuna mtu wa kulipwa, anakutajia 35. Cha juu ni yuan 2 tu kwa gauni. Utabisha kwa yuan 2? Hubishi. Lakini yuan 2 mara magauni 1,000 ni yuan 2,000. Dola moja ni kama yuan 7, kwa hiyo hapo zimeondoka kama dola 280. Hiyo ni bidhaa moja, duka moja. Na wewe uliona umeokoa nauli ya teksi.

Ubaya zaidi ni kwamba hiyo dola 280 haiishii kule. Inakuja nayo Kariakoo, Manzese, Mwanza, Mbeya. Jirani yako wa duka amenunua gauni hilohilo kwa 33, wewe 35. Yeye anauza haraka, wewe unashangaa kwa nini mzigo wako unakaa.

KWA NINI SAA MOJA YA KWANZA INA UZITO

Fikiria hali yako ukitua. Wako mbele yetu saa 5, kwa hiyo mwili wako unadhani ni usiku wa manane na kule jua limeshawaka, au kinyume chake. Umekaa kwenye ndege usiku kucha, labda umebadilisha Addis Ababa, Nairobi au Doha. Maandishi ni ya Kichina. Simu yako WhatsApp haifunguki. Kwenye mkoba una pesa zote ulizonazo duniani.

Mtu akikushika mkono saa hiyo, utamshukuru mpaka siku unaondoka. Na mtu unayemshukuru humuulizi bei. Humwambii "hoteli hii ghali, nipeleke nyingine". Humwambii "leo nataka kuzunguka sokoni peke yangu". Utaona aibu. Sisi watu wa kwetu tuna haya, na haya yetu ndiyo mtaji wao.

Kuna dada mmoja anauza vipodozi na nywele, alinisimulia safari yake ya kwanza. Mwenyeji alimpokea vizuri, akamlaza kwenye nyumba yake "ili asitumie pesa ya hoteli". Siku sita zote hakuwahi kuingia dukani peke yake. Siku ya saba, mwenyeji akiwa na wageni wengine, dada akatembea mwenyewe jengo la jirani, akakuta nywele zilezile kwa bei ya chini kabisa kuliko aliyolipa. Mzigo ulikuwa umeshalipiwa. Kitu alichoniambia hakikuwa kuhusu pesa. Alisema: "Siku zote sita nilikuwa sijui hata kituo cha treni kiko wapi. Ningetoka vipi?"

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mtu asiyejua njia ya kutoka hana nguvu ya kusema hapana. Ukijua kupanda treni kwa yuan 7, unaweza kumwacha mtu yeyote wakati wowote. Ukishajua hilo, hata bei wanakutajia tofauti, maana wanakuona unatembea kama mtu anayejua anakokwenda.

SASA TWENDE KAZI: KUTOKA NDEGE MPAKA KITANDANI

Wengi wanaogopa kwa sababu hakuna aliyewaeleza hatua kwa hatua. Naeleza.

1. Kabla hujaondoka nyumbani

Chukua chumba cha siku mbili tu za mwanzo, si safari nzima. Chagua hoteli iliyo karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi maeneo ya Xiaobei au Sanyuanli. Huko ndiko Waafrika wengi wanakofikia, chakula cha halali kipo, na masoko yako karibu. Thibitisha kwamba hoteli inapokea wageni wa nje.

Jina la hoteli, anwani na namba ya simu viandike kwa Kichina. Si kwa herufi zetu, kwa Kichina chenyewe. Uwe navyo kwenye karatasi mfukoni na picha kwenye simu. Dereva wa teksi wa Guangzhou ukimwambia "Xiaobei" kwa lafudhi ya Temeke anaweza asikuelewe kabisa. Ukimwonyesha karatasi, kazi imeisha.

Weka Alipay na WeChat kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Tangu 2023 zote mbili zinakubali kuunganishwa na kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya nje. WeChat ina kawaida ya kutaka mtu mwenye akaunti akuthibitishe unapofungua upya, kwa hiyo usisubiri ufike. Piga simu benki uwaambie unasafiri wasije wakaifunga kadi. Na ujue hili: malipo ya kadi ya nje yakizidi yuan 200 kwa mara moja unakatwa asilimia 3. Kwa hiyo hiyo ni ya nauli, chakula na maji. Usilipie mzigo kwa njia hiyo.

Na kwenye mfuko uwe na yuan taslimu kidogo, zikiwemo noti ndogo za 5 na 10. Utaona kwa nini.

2. Mtandao

WhatsApp, Google, Facebook na Instagram zimefungwa China. Intaneti ya bure ya uwanjani haitakufungulia. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: mwenyeji yuko WhatsApp, ramani iko Google, nyumbani wako WhatsApp, na ghafla huna kitu. Laini yako ya nyumbani ikiwa na huduma ya kutumika nje ya nchi mara nyingi WhatsApp inaendelea kufanya kazi, ila ulizia gharama kabla ya kuondoka, isije ikamaliza salio ukiwa kwenye foleni. Mweleze mume, mke au mama nyumbani kwamba unaweza kukaa kimya saa kadhaa, wasipaniki. Kwa kutafsiri, WeChat ina sehemu yake ya kutafsiri ndani.

3. Uhamiaji na forodha

Ukishuka utajaza kadi ya kuingia nchini na kuchukuliwa alama za vidole. Hakuna cha kuogopa, wageni wote wa miaka 14 mpaka 70 wanachukuliwa. Afisa anaweza kukuuliza umekuja kufanya nini, unakaa wapi, unaondoka lini. Jibu fupi: biashara, hoteli fulani, tarehe fulani. Uwe na tiketi ya kurudi na karatasi ya hoteli mkononi, usianze kupekua begi mbele ya watu mia.

Sasa sikiliza, hii wengi hawaijui. Sheria ya China inataka utangaze forodha kama unaingia na fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000, au yuan taslimu zaidi ya 20,000. Ukiwa na dola 8,000 kwenye mkanda wa kiunoni ukapita njia ya kijani kimyakimya, umevunja sheria bila sababu. Pita njia nyekundu, jaza fomu, wagonge muhuri, nakala itunze. Hakuna anayekukata kodi kwa kutangaza. Hiyo karatasi ndiyo ushahidi kwamba pesa ni yako na umeingia nayo. Mwenyeji anayekwambia "usitangaze, pita tu" anacheza na mtaji wako, si wake.

4. Ukumbini: usitazame pembeni

Ukitoka na begi utakutana na watu wanaokuita: "Teksi! Teksi! My friend!" Wengine wanajua hata "mambo" na "karibu". Endelea kutembea. Teksi halali haimfuati mtu ndani ya jengo, inasubiri nje kwenye foleni yenye alama. Na kama kuna mtu ameshika bango lenye jina ambalo si lako anasema ametumwa akuchukue, huyo humjui.

Usibadilishe pesa yote uwanjani. Badilisha ya kukufikisha tu. Hiyo nyingine utabadilisha mjini benki, ukiwa umelala na macho yanaona.

5. Treni ya chini ya ardhi

Hii ndiyo ninayoipenda. Uwanja wa Baiyun umeunganishwa na Laini ya 3. Kituo cha jengo la 1 la abiria kinaitwa Jichang Nan, yaani Uwanja wa Ndege Kusini, na cha jengo la 2 ni Jichang Bei, Uwanja wa Ndege Kaskazini. Mabango yana maandishi ya Kiingereza. Kuna pia jengo jipya la 3 lililofunguliwa Oktoba 2025, kwa hiyo angalia tiketi yako unashukia jengo gani kabla hujapanga njia.

Unapanda Laini ya 3 mpaka Jiahewanggang. Hapo unashuka na kuhamia Laini ya 2. Uzuri wake, Laini ya 2 inaanzia hapo, kwa hiyo treni inakuja tupu na kiti unapata. Unakaa mpaka Sanyuanli. Kama unakwenda Xiaobei, unapita Sanyuanli, unashuka kituo kinachofuata, Stesheni ya Guangzhou, unahamia Laini ya 5, kituo kimoja tu umefika.

Nauli nzima ni yuan 7 hivi. Dola moja! Unafika mjini kwa dola moja.

Mashine ya tiketi ina kitufe cha Kiingereza. Unabonyeza kituo unachokwenda, unalipa, inakutolea tiketi ya duara kama kifungo kikubwa. Unagusisha kuingia, na kutoka unaitumbukiza. Usiipoteze. Mashine hazipendi noti ya 100, ndiyo maana nikasema uwe na noti ndogo. Ukikwama nenda dirisha la huduma, wanachenji. Mabegi yanapita kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, ni kawaida kwa kila mtu.

Angalizo mawili. Treni zinaanza saa 12 asubuhi hivi na kufungwa karibu saa 5 usiku. Na Laini ya 3 inajaa vibaya sana asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini. Mwendokasi yetu ya Kimara ni cha mtoto. Ukiwa na mabegi mawili makubwa saa hizo, utateseka.

6. Teksi

Ukifika usiku, ukiwa na mtoto, ukiwa mjamzito au umechoka, panda teksi na usijilaumu. Nenda kwenye foleni rasmi nje. Mita inaanzia yuan 12, na mpaka Xiaobei au Sanyuanli safari nzima mara nyingi inaangukia kati ya yuan 100 na 150. Mtu akikwambia 400 bila mita, shuka.

Mambo matatu ya teksi. Kwanza, mita iwashwe kabla gari halijaondoka. Pili, lipa kwa simu au kwa noti ndogo. Kuna mchezo wa zamani: unatoa noti ya 100, dereva anaipokea, anainamisha mkono, anakurudishia noti bandia anasema "yako mbovu". Unatoa nyingine, anarudia. Ukilipa kwa Alipay mchezo unakufa. Kama lazima utoe taslimu, soma tarakimu za mwisho za noti yako kabla ya kumpa, tena kwa sauti. Tatu, chukua risiti. Ukisahau begi, hiyo risiti ndiyo inayolitafuta gari. Pia unaweza kuita gari la Didi kwa kupitia Alipay, bei unaiona kabla.

7. Ukifika hotelini

Mpe mpokezi pasipoti, ataiskani na kukurudishia hapohapo. Hapo hoteli inakuandikisha polisi, ni kazi yao kisheria.

Hii ndiyo sababu nyingine kubwa ya kukataa kulazwa nyumbani kwa mwenyeji siku ya kwanza. Ukilala kwenye nyumba ya mtu, wewe na mwenye nyumba mnatakiwa kwenda kituo cha polisi kujiandikisha ndani ya saa 24. Usipofanya hivyo unaweza kuonywa na kupigwa faini mpaka yuan 2,000. Mwenyeji anayelaza wageni kumi chumba kimoja hatakupeleka polisi, unajua mwenyewe kwa nini. Polisi wakikusimamisha Xiaobei wakataka pasipoti, anayesimama pale ni wewe, yeye kashapotea.

Na pasipoti yako usimwachie mtu. Si mwenyeji, si wakala wa mizigo, si "dada yetu anayetunza". Sheria inakutaka utembee nayo. Mtu aliyeshika pasipoti yako amekushika wewe.

"LAKINI SISI HATUJUI LUGHA..."

Najua mtaniambia. Kuna mmoja aliniandikia: "Wewe unaongea kirahisi kwa sababu umezoea. Mama yangu ana miaka 55, darasa la saba, Kiingereza hajui, unataka ahangaike na treni za Wachina?"

Hoja hiyo naiheshimu, na namjibu kwa heshima. Mama wa miaka 55 aliyesomesha watoto kwa genge si mtu wa kuogopa mashine ya tiketi. Wale akina mama waliokuwa wanakwenda Dubai miaka ile kununua khanga na dhahabu, wengine hawakujua hata kusaini vizuri, lakini walijua bei. Lugha ya kwanza ya biashara ni kikokotoo. Muuzaji anaandika namba, unaandika yako, mnakutana katikati. Kwenye usafiri ni hivyohivyo: laini zina namba na rangi, vituo vinatangazwa. Mtu aliyeweza kubadilisha daladala tatu kutoka Chanika mpaka Kariakoo na kapu kichwani, Laini ya 3 ataiweza.

Akiona bado ni mzito, basi aende na mwenzake. Wafanyabiashara wawili wa mtaji mdogo, chumba kimoja, teksi moja, kila mtu na pesa yake. Huyo ni msaada usio na cha juu.

Hoja ya pili wanayonipa ni usalama. Wanasema mgeni peke yake ataibiwa. Sikatai, wezi wa mifuko wako kila jiji kubwa, stesheni na sokoni kaa macho. Polisi ni 110, gari la wagonjwa ni 120. Lakini tuwe wakweli: malalamiko ninayoyapokea mimi kutoka kwa wafanyabiashara wetu wa Guangzhou, mengi si ya Mchina aliyewachomolea mfukoni. Ni ya mtu aliyewaita "ndugu".

Na hoja ya tatu nakubaliana nayo moja kwa moja: kuna wakati kupokelewa ni sawa. Kama ni mgonjwa unakwenda hospitali, kama unapokelewa na kiwanda ambacho umeshafanya nacho biashara, kama ni ndugu yako wa damu kweli, pokelewa. Pia wakati wa maonyesho ya Canton, yale yanayofanyika kila mwaka kuanzia Aprili na tena kuanzia Oktoba pale Pazhou, hoteli zinajaa na bei zinapanda, kwa hiyo kuwa na mtu wa kukushikia chumba kunasaidia. Lakini hata hapo, mwulize kabla ya kupanda ndege: "Kunipokea ni yuan ngapi? Kunizungusha kwa siku ni ngapi? Dukani unachukua chochote?" Mwandikiane. Anayekasirika kuulizwa bei, umeshapata jibu lako.

WAKALA NI WA SIKU YA PILI

Mimi si adui wa mawakala. Mzigo wako hauwezi kuruka wenyewe mpaka bandarini, unahitaji mtu wa kukusanya, kupima, kufungasha na kusafirisha. Unahitaji pia mkalimani ukienda kiwandani. Lakini angalia tofauti.

Siku ya kwanza unalala. Siku ya pili asubuhi unatembea sokoni peke yako, hununui kitu. Ni macho tu na daftari. Nguo, pita eneo la Stesheni ya Guangzhou na Shahe. Mikoba na bidhaa za ngozi, Sanyuanli. Viatu, Zhanxi. Xiaobei kuna jengo la Tianxiu lenye kila kitu kwa Waafrika, ila ujue bei ya pale imeshajua kwamba wewe ni mgeni. Andika bei tatu tatu kwa kila bidhaa.

Jioni ndiyo unaonana na mawakala, wawili au watatu, kwenye mgahawa, unawasikiliza. Unawauliza bei ya kilo kwa ndege, bei ya ujazo kwa meli, wanalipwaje. Kesho yake ukizunguka na mmoja wao, akikupeleka duka la mikoba bei ikawa juu kuliko ile ya kwenye daftari lako, hutakiwi hata kugombana. Unamwonyesha daftari. Utaona bei inavyoshuka na adabu inavyopanda.

Huyo wakala atakuheshimu, na mara nyingi mtafanya kazi miaka mingi, kwa sababu mmeanza kama mtu na mteja wake. Nimeona mahusiano mazuri ya biashara yakianza hivyo. Yanayoanzia kwenye ukumbi wa kutokea uwanjani, mmoja amechoka na mwingine ameshika begi lake, sijaona mengi yaliyoisha vizuri.

Kwa hiyo ukinitumia ujumbe kesho kuniomba namba ya mtu wa kukupokea, nitakutumia andiko hili. Na kama una nafasi, anza mazoezi hapahapa: chora njia yako kwenye karatasi, Laini ya 3, Jiahewanggang, Laini ya 2, Sanyuanli. Isome mpaka uikariri kama namba ya simu ya mama. Dola moja ya nauli isikufanye uwe mtumwa wa mtu kwa wiki nzima.

Wale mliokwenda tayari, semeni hapa chini: nani alijipokea mwenyewe, na nani alipokelewa? Ilikuwaje kwenye bei? Mjumuishe mwenzako anayejiandaa na safari asome kabla hajatuma jina lake kwa mtu asiyemjua.

Kazi njema, na Mungu abariki mitaji yetu.